Taa ya Mvuvi Ipimwe kwa Mwanga, Si kwa Wati

Usiku wa giza, mtu asimamaye ufukoni Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, huona taa zilizotapakaa juu ya Ziwa Tanganyika mfano wa mji uliojengwa majini. Taa hizo ni zana ya kazi sawasawa na wavu. Lakini wavu hukaguliwa tundu kwa tundu kabla ya kununuliwa, ilhali taa huchaguliwa kwa sifa za muuzaji na kwa namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Desturi hii inamtia mvuvi hasara, na yafaa iachwe.

Sababu ya taa kuvuta samaki inajulikana. Viumbe vidogo vya majini viitwavyo zuplanktoni hushuka kilindini mchana na kupanda usiku. Dagaa wa ziwa hili, ambao ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, huvifuata ili kujilisha. Na migebuka huwafuata dagaa. Taa hukusanya msafara huo mahali pamoja. Mbalamwezi inapong'aa, tofauti kati ya mwanga wa taa na giza la maji hupungua, nao wavuvi hupumzika.

Wazee waliwasha mioto ya kuni mitumbwini. Tangu miaka ya 1950 karabai zilienea, na katika karne hii taa za LED zitumiazo betri zimeshika nafasi yao kwa sehemu kubwa. Mabadiliko hayo ni mema, kwa kuwa karabai hugeuza sehemu kubwa mno ya mafuta kuwa joto na sehemu ndogo tu kuwa mwanga. Lakini pamoja na taa mpya yamekuja mashindano: kila mwenye chombo ataka kung'aa kuliko jirani yake.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha udhaifu wa mashindano hayo. Tuseme kwamba katika maji fulani mwanga hupungua kwa nusu kila mita 5. Mvuvi akiongeza taa zake maradufu, mwanga wake utafika mita 5 zaidi, basi. Akiziongeza maradufu tena, atapata mita 5 nyingine. Gharama imekuwa mara nne, kina kimeongezeka kwa mita 10 tu. Na jirani naye akifanya vivyo hivyo, hakuna aliyemzidi mwenzake; aliyenufaika ni muuza taa.

Rangi nayo ina uzito wake. Maji hufyonza mwanga mwekundu katika mita chache za juu, lakini katika maji maangavu kama ya Tanganyika mwanga wa buluu na wa kijani hufika mbali. Wafugao matumbawe ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani walijifunza jambo hili zamani. Wao huuliza kwanza rangi ya taa, kisha nguvu yake, kisha umri wake. Na mirija ya umeme waliyokuwa wakitumia waliibadilisha ingali inawaka, kwa sababu mwanga wake ulikwisha kufifia na rangi yake kugeuka. Wati hueleza umeme unaoliwa. Lumeni ndizo zielezazo mwanga unaotoka. Taa mbili za wati 10 zaweza kutofautiana sana kwa mwanga.

Taa ya LED haina desturi ya kuzimika ghafla kama globu ya waya. Hufifia polepole, hasa ikipata joto bila njia ya kulitoa, wala jicho halitambui upungufu huo. Mara nyingine taa hulaumiwa bure, kumbe betri ndiyo iliyochoka: betri ya risasi na asidi iliyozoea kutumiwa hadi kuisha kabisa hufa mapema. Kipimo kidogo cha mwanga, kinachoshikwa mkononi, chaweza kukata shauri kwa dakika moja.

Haya si mambo ya fedha peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya ziwa, hivyo virutubisho vichache hupanda juu na chakula cha samaki hupungua. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mwanga uongezwao bila kiasi hauongezi samaki ziwani. Huharakisha tu kuwakusanya waliopo.

Hivyo hapana budi mambo matatu yafanyike. Kwanza, pawepo mwaloni Kibirizi meza ya kupimia taa, ambapo mvuvi atajua lumeni za taa yake kabla ya kulipa na kila baada ya msimu. Pili, wavuvi wenyewe, pamoja na wataalamu wa samaki, wakubaliane kikomo cha mwanga kwa kila chombo, nacho kitajwe kwa lumeni. Kikomo cha wati kitakwepwa kila taa bora zaidi itakapotoka kiwandani. Tatu, betri mbovu zikusanywe mahali pamoja, kwani risasi ikiingia majini haitoki kwa urahisi.

Ziwa ni la nchi nne, na samaki wake hawajui mipaka. Kibirizi ikianza kupima, itakuwa na hoja ya kuwapa majirani. Isipopima, itaendelea kununua mwanga kwa macho.