DIGRII PEKE YAKE HAITOSHI KUSHIKA CHAKI



Katika nyumba zetu hapa Nakuru wako vijana, wana wetu na wadogo zetu, waliotoka chuo kikuu na digrii ya sayansi au ya lugha, na sasa wafundisha kwa kubahatisha, muhula huu shule hii, muhula ujao shule ile. Kijana mmoja tumjuaye, hodari sana wa hesabu, aliachishwa siku alipoulizwa nambari yake ya TSC. Hakuwa nayo.

Wengi wanung'unika wakisema, mwenye digrii atakatazwaje kufundisha watoto? Sisi hatuungani nao. Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Kuwaajiri Walimu kazi ya kuandikisha walimu waliofunzwa, na sheria ya 2012 yasema asiyeandikishwa asifundishe. Waliofunzwa, ndugu, si waliosoma tu. Na kazi yetu ni vivyo hivyo. Mtu aweza kuijua injini ya dizeli nje na ndani, lakini hapewi treni ya mizigo kuteremka nayo kutoka Mau Summit kabla hajapanda na dereva mzee, akaonyeshwa pa kushika breki na pa kuachilia. Watoto hamsini darasani, saa nane mchana, nao ni mteremko.

Njia iko. Ni diploma ya ualimu isomwayo baada ya digrii, na hapo Njoro chuo cha Egerton hufundisha. Yachukua kama mwaka mmoja. Mwanafunzi hufunzwa tabia na akili za watoto, namna ya kupanga somo na kutunga mtihani, kisha hupelekwa shuleni kufanya mazoezi, na mkaguzi huja kukaa nyuma ya darasa akiandika.

Lakini wazazi, angalieni kabla ya kulipa! Anayetaka kufundisha sekondari yampasa awe na masomo mawili ya kufundisha ndani ya digrii yake, na katika KCSE awe alipata C+ kwa jumla na C+ katika masomo hayo mawili. Mwenye somo moja aweza kulipa karo yote, akafaulu, na bado asiandikishwe. Tumeona ng'ombe wakiuzwa kwa jambo la namna hiyo, na mama mwenye ng'ombe hakuambiwa na mtu. Pelekeni karatasi zote kwa ofisi ya TSC kwanza. Tena msidanganywe kwamba digrii ya pili itafaa mahali pa diploma. Hata awe na digrii tatu, kama hakufunzwa ualimu bado hajawa mwalimu.

Linalotuuma sisi ni muhula ule wa mazoezi. Kijana asimama darasani kila siku, asahihisha madaftari usiku, na hapati mshahara; nauli, chumba na chakula vyatoka mfukoni mwa baba mpiga nyundo. Hapo ndipo wengi huacha katikati, wala si kwa kukosa akili.

Chama chetu cha akiba na mikopo hukopesha mtu anunue ploti au pikipiki. Twataka karo ya diploma hii na gharama za muhula wa mazoezi zikopeshwe vivyo hivyo, na marejesho yaanze baada ya mazoezi kwisha. Tutalileta jambo hili katika mkutano wa tawi. Mwenye kijana wa namna hii aje, na aje na karatasi zake.