Urithi wa Kijiji si Sinema Peke Yake

Wageni wafikao katika kijiji cha Cong, magharibi mwa Ireland, hukuta sanamu ya wachezaji sinema wawili, John Wayne na Maureen O'Hara. Sinema ya "The Quiet Man" ilipigwa huko mwaka 1951, na nyumba ya makumbusho yake ingalipo. Yapo pia magofu ya monasteri alimofariki Rory O'Connor, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, mwaka 1198. Jirani ni ngome ya Ashford, iliyokuwa mali ya ukoo wa Guinness, matajiri wa pombe, na ambayo tangu mwaka 1939 ni hoteli.

Si vibaya kijiji kupata riziki kwa wageni. Lakini wafalme, matajiri na wachezaji sinema sio urithi wote wa Cong.

Mwaka 1848, wakati wa njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, wanyonge wa sehemu hizo waliajiriwa kuchimba mfereji wa kuunganisha maziwa ya Mask na Corrib. Mwaka 1854 mpango wa kupitisha vyombo humo uliachwa. Mwamba wa chokaa wa huko una nyufa, na maji hupotelea chini. Hata leo mfereji huo hukauka wakati wa kiangazi, na kuta zake za mawe zingali zimesimama.

Isitoshe, karibu na hapo, mwaka 1880, wakulima waliokodishwa ardhi walimsusia Kapteni Charles Boycott, wakala wa kabaila Lord Erne. Walikataa kumvunia. Serikali ya Uingereza ikapeleka mamia ya askari kuwalinda vibarua wapatao 50 walioletwa kutoka mbali kuvuna. Kabla ya mwaka kwisha Boycott aliondoka, na jina lake likawa neno la Kiingereza lenye maana ya kususia.

Huo ndio urithi unaostahili kutangulizwa. Mwalimu anayeutembeza umati wa wanafunzi kwenye sanamu hana budi kuwafikisha pia kwenye mfereji mkavu. Ofisa anayepanga fedha za makumbusho naye akumbuke kwamba sinema husahaulika, bali jasho la wanyonge ndilo lililojenga kijiji. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.