Kadi Ikipotea, Haki Haipotei

Ijumaa iliyopita, katika msikiti mmoja wa mji wetu wa Tabora ambao sitautaja kwa kuuhifadhia heshima yake, khatibu alipanda mimbari akawaidhi juu ya amana, na mawaidha yake yalikuwa mazuri mpaka alipofika mahali pa kusema kwamba mtu aliyepoteza kadi yake, iwe ya matibabu, ya kura au ya uraia, ameikhini amana aliyokabidhiwa, kwa hiyo asinung'unike akitozwa upya na kuzungushwa, maana hiyo ndiyo adhabu ya walioghafilika. Nikatazama kulia na kushoto nikaona vichwa vinaitikia. Tulipotoka, watu wazima wenye akili timamu waliyarudia maneno yale barazani kama hukumu isiyo na rufaa, na mimi tangu siku ile sijapata raha ya moyo, kwa sababu sijui itikadi nyingine iliyoenea upesi katika nchi hii hali haina msingi wowote kama hii ya kwamba kadi ikipotea, haki nayo imepotea.

Nasema, na nitasema tena mpaka wasikiao wachoke: haki ya mtu haikai katika kadi, hukaa katika daftari. Siku mtu alipotoa fedha yake akaandikwa jina, mkataba ulitimia baina yake na yule aliyepokea, na kile kipande cha plastiki alichopewa mkononi ni shahidi mmoja tu wa mkataba ule, tena shahidi dhaifu, anayeangamizwa na maji, panya, moto na wezi wa stesheni. Shahidi akifa, deni halifi. Mwenye nyumba akipoteza ufunguo, nyumba haiwi mali ya fundi wa makufuli. Aliyelipia mwaka mzima, awe amelipia matibabu, safari au kiingilio cha bustani ya michezo ya watoto wake, amelipia siku zote za mwaka ule, na aliyeipokea fedha hana halali ya kuila mara mbili kwa sababu mfuko wa shati la mtu umetoboka.

Na kwa kuwa hoja ilianzia mimbarini, na ijibiwe kwa elimu ya mimbari. Fikihi ina mlango mzima wa mali iliyookotwa, ambamo muokotaji ameamrishwa akitambue chombo chake na kamba yake, aitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija akazitaja sifa zake sawasawa arudishiwe. Sijapata kusoma mlangoni humo kwamba mwenye kupotewa apigwe faini kwanza. Ile aya ndefu ya deni katika sura ya Al-Baqara nayo imeamrisha kuandika na kushuhudisha ili shaka iondoke, wala haikuamrisha mwenye haki anyang'anywe kilicho chake siku karatasi itakapoliwa na mchwa. Mwenye amana katika jambo hili ni yule aliyepokea fedha na kulishika daftari. Yeye ndiye wa kuwaidhiwa.

Naandika kwa uchungu kwa kuwa nimeyaona kwa macho. Katika ofisi moja ya mji huu nilisimama nyuma ya bibi mmoja aliyetoka kijijini, njia ya Sikonge, kuja kuomba kadi nyingine ya matibabu ya mjukuu wake, baada ya ile ya kwanza kuteketea pamoja na paa la nyumba. Kijana wa dirishani aliandika jina katika kompyuta, na palepale ikatokea kwenye kioo sura ya yule mtoto, jina lake, jina la mlipaji, tarehe ya malipo na tarehe ya mwisho, ambayo ilikuwa bado miezi mingi. Bibi akanyoosha kidole kilichokomazwa na jembe akaigusa ile picha. "Mwanangu, si huyu hapa?" Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwake, amelala, paji la uso limelowa jasho la homa. Kijana akajibu, "Ndiye, bibi, lakini hana kadi." Kisha akamhesabia safari zake: polisi kuchukua taarifa ya upotevu, serikali ya kijiji kuchukua barua yenye muhuri, picha mbili, nakala za kila kitu, malipo mapya, na arudi Jumatatu. Kijana yule hakuwa mkali, alikuwa mpole na mwenye adabu. Ila ushahidi wote uliohitajiwa ulikuwa unang'aa mbele ya macho yake, naye amefundishwa asiuamini mpaka uchapwe juu ya plastiki. Sitaki kuanza habari ya ule muhuri, ambao mwenye nao huwa hayupo, wala habari ya mtandao, ambao hukatika saa nne asubuhi na kurudi watu wakiwa wamekwisha panda basi la kwao.

Itikadi hii ya kuiamini kadi kuliko mtu ina nasaba, na nasaba yake ni chafu. Jirani zetu wa Kenya waliwekewa sheria mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyomlazimisha mwanamume Mwafrika atembee na kitambulisho kilichoitwa kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Aliyekutwa hana alikamatwa, ijapokuwa kijiji kizima kilimjua yeye na babu yake. Katika fikra ile karatasi ndiyo mtu, na mtu ni kivuli cha karatasi. Wakoloni hawakutujua wala hawakutaka kutujua. Ofisa wa leo, aliyezaliwa Gongoni au Isevya, ana udhuru gani?

Na Tabora, miongoni mwa miji yote, ndiyo iliyostahili kuona haya. Misafara ilikuwa imekwisha kupafanya mahali hapa makutano yake wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857 wakakaribishwa na Snay bin Amir. Mizigo ilipanda kutoka Bagamoyo kwa safari ya miezi, na hapa njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Mfanyabiashara Tippu Tip alikopeshwa mali na tajiri Taria Topan wa Unguja akatokomea bara miaka, na kilichoibeba biashara yao ni itibari na hesabu iliyotunzwa. Siisifu biashara ile, maana njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na miembe yake imeshuhudia dhuluma kubwa. Lakini hapohapo pana hoja yangu. Wajerumani walipotawala walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watumwa, na Tabora ilikuwa miongoni mwa wilaya zenye watumwa wengi mno. Namuuliza khatibu: aliyeipata hati yake, kisha ikaungua, je, alirudi utumwani? Akijibu la, maneno yake yamekwisha.

Serikali yenyewe imekwisha likubali hili, ila hailitii kila dirishani. Ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, na mwisho wake ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, watu wengi walisajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) ya tarakimu 20 na kidole chao, hali kitambulisho chenyewe hawajakitia machoni. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2020, aliyepoteza kadi ya mpiga kura aliruhusiwa kupiga kura kwa pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, maadamu jina lake limo daftarini. Ikiwa daftari latosha kumchagulia mtu Rais, halitoshije kumpimia mtoto homa? Hata katika bustani ya michezo ya Walt Disney World kule Florida, mahali palipofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya watu kucheza, mgeni hutambuliwa mlangoni kwa kidole chake. Kwetu mgonjwa aliye mgongoni mwa bibi yake hatambuliwi kwa uso wake.

Wapo wasemao kwamba tukifanya wepesi, watu watapoteza kadi makusudi. Makusudi ya kupata nini? Mkulima wa tumbaku wa Urambo aliache shamba lake msimu wa mvua, apande basi na kulala mjini, ili apewe kadi ileile yenye jina lilelile? Maneno haya hayafai kusemwa na mtu mzima mbele ya watoto.

Mwenye dirisha na amtafute mtu daftarini, ahakikishe sura au kidole, amhudumie palepale, na kadi mpya itolewe kwa gharama ya plastiki yake tu, si kwa ada kama ile ya shilingi 20,000 anayotozwa aliyepoteza kitambulisho cha Taifa. Polisi waachiwe wezi. Nawe msomaji, nakili namba ya kadi yako uiweke mahali pa pili, na siku utakapoambiwa kwamba haki yako imepotea, usiondoke dirishani mpaka wafungue daftari.