Tusihesabu Takriri Kama Mbuzi Zizini

Leo nina dukuduku ambalo nimelimeza siku nyingi.

Muhula uliopita tuliagizwa tuandike insha ya kuhakiki hotuba. Nilikesha. Nikaorodhesha takriri, maswali ya balagha, kinaya, yaani sikubakisha kitu! Nikapata alama 8 kwa 20. Kando ya orodha yangu mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kwa nini?" Basi, hakuna zaidi. Nilinuna wiki nzima, lakini sasa nakiri alikuwa na haki. Ila na mimi naomba nisikizwe: tangu kidato cha kwanza tumefunzwa kuzitaja mbinu, hatukufunzwa kuuliza zinamfanya nini msikilizaji.

Tuchukue tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Caesar keshauawa. Brutus anawahutubia Warumi, anawapa sababu zake, wanamshangilia. Kisha anamwachia Antony jukwaa na kwenda zake (kosa hilo, jamani!). Antony ameruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Kwa hivyo anawasifu. Anawaita waheshimiwa, anarudia, anarudia tena, hadi sifa yenyewe inageuka tusi. Sasa ukiandika "hapa kuna takriri" umesema nini? Sema kwamba mtu huyu amefungwa mdomo, na marudio ndiyo mlango wake wa nyuma. Hata wasia wa Caesar, wenye drakma 75 kwa kila raia, anautaja halafu anajifanya hataki kuusoma, mpaka umati wenyewe umshike shati.

Tukiambiwa tuoanishe hotuba mbili katika insha moja ndipo mambo huharibika kabisa. Tunaandika aya ya Brutus, aya ya Antony, tunaweka nukta. Huko si kuoanisha, ni kupanga viti. Mimi ningeanza na swali: je, Brutus angebaki pale, Antony angethubutu?

Wenzangu watasema mtihani unataka mbinu zitajwe. Ni kweli, tutaje, lakini tusiishie hapo. Nanyi walimu wetu, tafadhali, tupeni hotuba moja fupi kila Ijumaa chamani, pamoja na lile swali la wino mwekundu.

Insha yangu nimeiandika upya. Nimebakiza takriri moja tu, na imenila kurasa mbili.