Kikwembe kimoja kinatosha

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto. Tuongee juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani: kikwembe. Kukinunua tunajua. Je, kukifunga tunajua bado?

Swali hili lilitupata shuleni. Watoto wa mwaka wa sita walikuwa wanatayarisha mchezo wa kuigiza, na wasichana waliombwa kuja na vikwembe vya mama zao. Walikuja na vikwembe vizuri sana, lakini hakuna aliyejua kujifunga. Wawili walitumia pini. Mmoja alishika chake kwa mkono, na alipousahau mkono kikaanguka. Watu walicheka, mtoto akalia. Sisi walimu tulikimbia kumsaidia, tukaona mikono yetu pia inasitasita, maana vikwembe vyetu vyote tulikwisha kuvipeleka kwa fundi, vikawa sketi za zipu. Aliyemwokoa yule mtoto ni bibi mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Alimfunga mara moja tu, na mtoto alicheza mpaka mwisho bila kujishika.

Tulimwomba bibi atufundishe. Haya ndiyo aliyotuonyesha.

Tazama kwanza maua au ndege wa kikwembe: vichwa viwe juu. Simama miguu ikiachana kidogo, ili upate nafasi ya kutembea. Pitisha kikwembe nyuma ya mgongo, ukishika ncha mbili za juu, na mkono wa kuume uwe na sehemu fupi. Leta ncha ya kuume mpaka kwenye kiuno cha kushoto, uinyanyue kidogo, ili upande wa ndani usichungulie chini ya ule wa nje. Sasa vuta ncha ya kushoto juu yake mpaka kiuno cha kuume. Vuta kweli. Ingiza ncha ndani, kisha kunja ukingo wa juu kwa nje mara mbili, kuzunguka kiuno chote. Mkunjo huo ndio unaokaza. Ukiogopa bado, funga kwanza mshipi wa kitambaa kiunoni, na ukingo wa kikwembe uukunje juu ya mshipi huo. Kisha chuchumaa, inuka, tembea hatua kumi. Kama hakijalegea, toka nje bila wasiwasi.

Kwa nini tuchoke na somo hili, na mafundi wapo kila avenue? Kwa sababu kitambaa kisichokatwa kina kazi nyingi. Kikwembe kimoja ni yadi 2, karibu metre 1 na sentimetre 80. Asubuhi ni sketi, mchana kinabeba mtoto, jioni kinafunika mabega, usiku ni shuka. Ukinenepa kinakuenea, ukikonda pia. Binti yako anaweza kukivaa, na mama mkwe pia. Lakini ukikikata, kinakuwa cha mwili mmoja na cha mwaka mmoja. Wangapi kati yetu tuna robe nzuri kabatini ambayo tangu uzazi wa mwisho haipandi tena?

Hekima hii si yetu peke yetu. Zamani huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza, wanaume wa milimani walivaa nguo moja ndefu ya sufu ambayo haikushonwa. Mtu alitandaza mshipi chini, akaweka nguo juu yake, akaipanga mikunjo kwa mkono, akalala juu yake, akafunga mshipi, akasimama. Sehemu ya chini ilikuwa sketi, ya juu aliitupa begani. Mvua ikinyesha alijifunika kichwa, na usiku alifungua mshipi akalala ndani ya nguo ileile. Baada ya watu hao kuasi, serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 1746 ya kuwakataza wanaume vazi hilo, na sheria hiyo iliondolewa mwaka wa 1782 tu.

Kwetu ilikuwa kinyume. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970, wakati wa Authenticité ya Mobutu, mwanamke alipokatazwa suruali na mini, na kikwembe kikawa kama sheria. Leo hakuna polisi wa kutuchagulia nguo. Lakini tujiulize kama hatukuweka sheria nyingine sisi wenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu ya 8 Machi. Kila mwaka kikundi kinachagua kitambaa kimoja. Kila mama anunue yadi 6, ndiyo vikwembe vitatu, na juu yake alipe fundi, kwa mtindo uleule, ili tutembee tukifanana. Mwaka uliopita mama mmoja wa kikundi chetu hakupata feza hiyo. Hakusema kitu. Siku ya matembezi hakuonekana, na kwenye mkutano uliofuata pia hakuja. Tulipomtembelea alituambia: « Ningekuja na nguo gani? » Mama huyo alikuwa hajakosa hata zamu moja ya likelemba yetu. Tulimpoteza kwa ajili ya kitambaa, na kosa ni letu, si lake.

Basi tunaleta wazo hili mbele yenu. Safari hii, kikundi kichague kitambaa, lakini kila mama anunue kikwembe kimoja tu, yadi 2, bila fundi. Tutanunua kipande kizima cha yadi 12 pamoja, na tutakigawa kwa watu sita. Kila mmoja avae blauzi aliyo nayo, hata nyeupe ya zamani, na ajifunge kikwembe cha kikundi juu ya sketi yoyote. Tutafanana vya kutosha. Na asiyeweza hata yadi 2, likelemba imtangulie, alipe polepole.

Kwa hiyo tujifunze kujifunga. Mkutano ujao, kila mama aje na kikwembe kisichokatwa na, kama anaye, binti wa miaka kumi au zaidi. Bibi yule amekubali kuja kutuonyesha. Na yule mama aliyebaki nyumbani, tumekwisha kumpelekea habari. Alicheka, akauliza ni saa ngapi.

Tuonane juma lijalo.