Mashamba ya Thailand: bei yavutia, hati ndiyo kikwazo

Matangazo ya mashamba ya Thailand yanayosemekana kufaa kwa ujenzi wa nyumba huwavutia wanunuzi wa nje kwa bei. Lakini anayeuliza bei kabla ya hati huenda akanunua hasara.

Ardhi huko hupimwa kwa rai, na rai moja ni meta za mraba 1,600. Hati yenye nguvu zaidi ni chanote, ambayo mipaka yake imepimwa rasmi. Hati ya Sor Por Kor 4-01 ni ya wakulima wasio na ardhi, chini ya sheria ya mageuzi ya mwaka 1975. Shamba la aina hiyo hurithiwa. Haliuzwi kwa mjenzi wa nyumba. Mwaka 1995, kashfa ya matajiri wa Phuket kugawiwa hati hizo iliiangusha serikali ya Waziri Mkuu Chuan Leekpai.

Hata chanote pekee haitoshi. Ramani za mipango miji hutenga maeneo ya kilimo kwa rangi ya kijani, na ujenzi humo una masharti.

Mgeni ana kikwazo kingine: kwa kawaida sheria haimruhusu kumiliki ardhi, ila kuikodi kwa miaka isiyozidi 30. Kujificha nyuma ya jina la Mthai ni kosa. Mwaka 2022 serikali ilipendekeza mgeni anayewekeza baht milioni 40 aruhusiwe rai moja ya makazi. Wananchi wakalalamika kuwa nchi inauzwa, na pendekezo likaondolewa mwaka huo huo.

Hofu yao inaeleweka: shamba likishageuka mtaa wa nyumba, halirudi kuwa shamba.