Mbu wa Mchana Hajali Chandarua

Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso ilisimamisha mradi wa Target Malaria, ikafunga vyumba vya mbu waliobadilishwa jeni na kuagiza sampuli ziharibiwe. Tangu hapo nimewasikia watu wenye shahada zao, hapa hapa Kamembe, Rwanda, wakisema Afrika imekataa mbu wa maabara na mjadala umekwisha, iwe jeni, iwe bakteria. Uamuzi wa Ouagadougou ni wa wenye nchi yao, ingawa naona walikosea. Kinachoniudhi ni kuitia Wolbachia katika kapu hilo hilo, kisha kulifunga.

Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu. Hakutengenezwa na mtu. Hertig na Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu wa jamii ya Culex. Yule Culex anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na kutupigia kelele masikioni usiku huwa naye kwa asili, kwa hiyo anayeogopa bakteria huyu asiletwe mjini amechelewa sana. Asiye naye ni Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, anayesambaza dengue, chikungunya na Zika. Watafiti wakiongozwa na Scott O'Neill walimtoa bakteria kwa nzi wa matunda, wakampandikiza ndani ya mayai ya Aedes, na mwaka 2011 wakawaachia mbu hao Cairns, Australia. Jike aliye naye huwarithisha watoto wake. Dume aliye naye akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Kizazi baada ya kizazi bakteria huenea, na virusi ndani ya mbu huyo huzaana kwa shida. Yogyakarta, Indonesia, mji uligawanywa maeneo 24, nusu yakaachiwa mbu hao. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dengue imepungua kwa asilimia 77, na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86.

Wapinzani wana hoja zao, nizitaje. Fedha hutoka nje: kweli. Joto kali humdhoofisha bakteria wa aina ya wMel: kweli, na ipo aina ya wAlbB inayostahimili zaidi. Akishaenea ni vigumu kumrudisha: kweli pia, ndiyo maana wakazi waulizwe kwanza, waulizwe hasa, si kuitwa mkutanoni kupiga makofi. Ama hiyo ya "vitu vya kigeni", Aedes aegypti mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika aliyevuka bahari na meli za watumwa. Na mwaka 2020 watafiti wa kituo cha icipe, Kenya, walitangaza Microsporidia MB, kiumbe anayeishi ndani ya mbu wa huko na kuzuia vimelea vya malaria. Kutumia kinachoishi ndani ya mbu dhidi ya ugonjwa si wazo la wageni peke yao.

Hoja nzito kwangu ni nyingine, na wanaoshangilia uamuzi wa Ouagadougou hawaigusi. Tazama silaha tulizo nazo Rwanda. Chandarua chenye dawa. Dawa inayopulizwa ukutani. Kipimo cha haraka cha malaria mkononi mwa mshauri wa afya wa kijiji, na vidonge vyake. Zote zinalenga malaria na mbu wake, Anopheles, anayeuma usiku, anayetua ukutani akishashiba, anayezaliana kwenye mashamba ya mpunga kama yale ya bonde la Bugarama. Ni silaha nzuri kwa adui huyo. Aedes hafuati ratiba hiyo. Anauma asubuhi jua likishachomoza na tena jioni kabla halijazama, mama yuko kibandani kwake sokoni, mtoto anacheza uwanjani. Nani atajifunika chandarua akipima maharagwe?

Mpungani hatagi. Anataga kwenye tairi kuukuu nje ya gereji, kwenye pipa la maji ya mvua chini ya bati, kwenye sahani ya chungu cha maua. Mayai yake hukauka yakakaa miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Umuganda, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, unafyeka nyasi na kuzibua mitaro, nao unastahili sifa. Lakini kiluwiluwi kinahitaji wiki moja na ushei kuwa mbu, na pipa lililomwagwa Jumamosi hiyo huwa limeshajaa tena na kutoa mbu wapya kabla ya umuganda unaofuata. Akiugua mtu, dawa ya kuua kirusi cha dengue hakuna. Chanjo ya Qdenga inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 6 hadi 16, tena pale maambukizi yalipo makubwa.

Kwa hiyo anayeniambia "tusiguse mbu" aniambie tutagusa nini. Nimeuliza, najibiwa chandarua! Hilo si jibu, ni kukwepa swali, na limerudiwa mno mpaka linafanana na sera.

Watasema dengue ni ya pwani. Mwaka 2019 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam, na malori yanayotuletea bidhaa hupakia huko huko. Mayai ya Aedes husafiri ndani ya tairi bila kulipa ushuru. Na mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimeonyesha hana, tunamwandikia nini daftarini? Homa. Ugonjwa usiopimwa haumo kwenye takwimu, kisha takwimu hizo hizo tunaletewa kuwa ushahidi kwamba haupo.

Sisemi mbu waachiwe kesho. Bukavu, upande wa Kongo, iko ng'ambo ya daraja, mbu wa huku na wa kule ni wamoja, na hakuna upande unaoweza kuamua peke yake. Cha kuanza nacho ni kupima dengue na chikungunya katika damu ya homa zisizo za malaria, Kamembe na Bugarama, na kuhesabu viluwiluwi kwenye matairi na mapipa mtaa kwa mtaa. Kazi hiyo haiachii mbu hata mmoja, na amri ya Ouagadougou haiihusu.